Kusoma barua za wataalamu wa maumbile wa enzi za Victoria na kuzipa tarehe

Katika Uingereza ya Malkia Victoria (1837–1901), mtu aliyechunguza mimea, ndege au wadudu alifanya nusu ya kazi yake kwa posta. Aliomba mbegu, alibishana juu ya jina la kombe la baharini, alituma ua lililokaushwa ndani ya karatasi iliyokunjwa, akangoja jibu. Barua za Charles Darwin peke yake, alizoandika na alizoandikiwa, zimebaki takriban 15,000, kati yake na watu wapatao 2,000. Picha za barua nyingi za namna hii ziko wazi mtandaoni, na kazi ya kuzinakili haihitaji shahada. Inahitaji macho, subira na utaratibu.

Kizuizi kikubwa si mwandiko, ingawa ndio unaotisha watu. Ni tarehe. Waandishi hawa waliandikiana mara kwa mara, na mtu anayejibu barua ya jana haoni haja ya kutaja mwaka. Utakuta “Jumatatu usiku”, au “tarehe 18”, basi. Barua isiyo na tarehe haiwezi kupangwa, na isiyopangwa haisemi nani alimwambia nani jambo fulani kwanza. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi hapo.

Kabla ya kusoma sentensi ya kwanza

Ianze barua kama kitu. Ukiwa na karatasi yenyewe mezani, nawa mikono na uikaushe vizuri. Kwa karatasi ya kawaida mikono mikavu ni salama kuliko glavu, ambazo huondoa hisia za vidole na kurarua kingo. Tumia penseli tu, kalamu ya wino ibaki nje ya chumba. Wino wa wakati ule ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na tindikali ya mimea: ulitoka mweusi, sasa ni wa kahawia, na mahali ulipokolea umekula karatasi. Usilazimishe mkunjo ufunguke.

Ukifanyia kazi picha, hakikisha una picha za pande zote, pamoja na kurasa tupu, mgongo wa barua na bahasha. Wapigaji picha wengi huruka kurasa tupu, na mara nyingi hapo ndipo mpokeaji alipoandika kwa penseli siku aliyoipata au aliyoijibu.

Andika mambo haya kwanza: urefu na upana kwa milimita, idadi ya karatasi, mikunjo, rangi ya karatasi, maandishi yaliyochapwa juu yake, na kama kingo zina mstari mweusi. Kisha tafuta alama ya maji, yaani chapa ya kiwanda iliyo ndani ya karatasi yenyewe, kwa kuinua karatasi dhidi ya mwanga. Viwanda vingine viliweka jina na mwaka. Mwaka huo ni wa karatasi, si wa barua: unakuambia barua haikuandikwa kabla ya hapo. Rimu moja iliweza kudumu nyumbani miaka kadhaa.

Barua ya kawaida ni karatasi moja iliyokunjwa katikati ikatoa kurasa nne. Usidhani zinafuatana 1, 2, 3, 4. Wapo walioandika ukurasa wa 1, wakaruka hadi wa 4 nyuma, kisha wakarudi ndani. Wengine walipofika mwisho waligeuza karatasi robo duara na kuandika juu ya mistari ya mwanzo, maandishi yakakatana kama mkeka. Barua ya namna hiyo igeuze picha yake kwenye skrini na usome mwelekeo mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili. Ukisoma yote mawili kwa pamoja jicho litaruka mstari bila wewe kujua.

Stempu, uzito na mhuri

Hadi mwanzoni mwa Desemba 1839 bei ya barua ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa. Bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya pili. Ndiyo maana barua za miaka ya 1830 zimekunjwa zenyewe, anwani ikaandikwa nje, zikafungwa kwa lakiri. Mpokeaji alipoifungua, lakiri iling’oa kipande cha karatasi na maneno yaliyokuwa nyuma yake. Ukiona tundu kwenye ukingo, maneno yanayokosekana huenda bado yamenata chini ya lakiri upande wa pili. Tafuta kabla ya kuyatangaza yamepotea.

Kuanzia tarehe 10 Januari 1840 bei ikawa peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, yaani gramu 14 hivi, popote ndani ya Uingereza. Stempu za kubandika zilianza kutumika rasmi tarehe 6 Mei mwaka huo huo. Mwaka 1871 uzito wa peni moja ukapandishwa hadi aunsi nzima, na kadi za posta za nusu peni zilikuwa zimeanza tarehe 1 Oktoba 1870.

Takwimu hizi zina faida ya moja kwa moja. Ukikuta bahasha ya mwaka 1860 yenye stempu za peni mbili, na ndani mna karatasi moja nyepesi, basi kulikuwa na kitu kingine humo: mbegu, jani, au barua ya mtu wa tatu. Wataalamu hawa walikuwa na desturi ya kupitishiana barua za wengine. Andika katika maelezo yako kwamba kiambatisho kimepotea, halafu soma barua ukikitafuta.

Mhuri wa posta ndio ushahidi mzuri kuliko wote wa tarehe. Miezi hufupishwa kwa herufi mbili, na hapo pana mtego: JA ni Januari, JU ni Juni, JY ni Julai. Mhuri uliopauka huwafanya watu wasome Juni badala ya Julai, na kosa hilo likishaingia kwenye orodha huzaa mengine. Kuza picha, ongeza utofauti wa mwanga na giza, kisha linganisha mhuri wa ofisi ya kutumia na ule wa kupokea nyuma ya bahasha. Ndani ya London posta iligawa barua mara nyingi kwa siku, hivyo barua na jibu lake vinaweza kuwa na tarehe moja. Usiliite hilo kosa.

Hata hivyo, usiiamini bahasha kwa kuwa tu imehifadhiwa pamoja na barua. Familia na wauzaji walizichanganya. Hakikisha mikunjo ya barua inaingia ndani ya bahasha hiyo, na mwandiko wa anwani ni ule ule.

Kutafuta tarehe

Wengi wetu tukikuta “Jumanne tarehe 24” tunakata tamaa, kumbe ni zawadi. Siku ya juma pamoja na tarehe ya mwezi hupunguza uwezekano sana. Katika mwaka wa kawaida, Januari na Oktoba huanza siku moja ya juma. Vivyo hivyo Februari, Machi na Novemba. Aprili na Julai. Septemba na Desemba. Huku Mei, Juni na Agosti kila mmoja ukiwa peke yake. Katika mwaka wenye siku 366 makundi hubadilika: Januari, Aprili na Julai; Februari na Agosti; Machi na Novemba; Septemba na Desemba; huku Mei, Juni na Oktoba kila mmoja ukiwa peke yake.

Tuseme barua yako ya “Jumanne tarehe 24” lazima iwe kati ya 1858 na 1860. Ukichukua kalenda, Jumanne ya tarehe 24 ilitokea Agosti 1858, Mei 1859, na Januari, Aprili na Julai 1860. Miezi 36 imekuwa mitano. Sasa soma yaliyomo. Ikiwa mwandishi anazungumzia watu wanaosoma kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi, kilichotoka tarehe 24 Novemba 1859, imebaki mitatu ya 1860. Ikiwa anataja mkutano wa wanasayansi uliofanyika Oxford mwishoni mwa Juni 1860 kama jambo lililokwisha, ni Julai. Na kama hakuna tukio lolote, tazama mimea. Anayesema leo amehesabu nywele za Drosera iliyokuwa kinamasini asubuhi hayuko Januari; Uingereza, mmea huo hukamata wadudu wake majira ya joto.

Fanya kazi kwa mpangilio huu: kwanza mipaka miwili, haiwezi kuwa kabla ya lini na haiwezi kuwa baada ya lini, pili siku ya juma, tatu matukio, nne majira na mimea, mwisho karatasi. Ukianza na matukio utavutwa na tarehe unayoipenda.

Vidokezo vya mipaka hupatikana mahali padogo. Cheo ni kimoja: Charles Lyell, mwanajiolojia, akiitwa “Sir” barua ni ya 1848 au baadaye, na Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, akiitwa hivyo ni 1877 au baadaye. Anwani ni kingine. Darwin alihamia kijiji cha Down, Kent, mwezi Septemba 1842. Karatasi zake zilizochapwa zilitaja mji wa posta wa Bromley, kisha kuanzia 1869 zikataja Beckenham. (Kijiji kiliongezewa herufi kikawa Downe, nyumba ikabaki Down, usisahihishe yoyote kati ya hizo.) Salamu nayo husogea: “Sir” ni ya mgeni, “Dear Sir” ni ya heshima, “My dear Sir” ina ukaribu, na mtu akiitwa kwa jina la ukoo tupu, “My dear Hooker”, huo tayari ni urafiki. Msomaji wa Kiswahili huona jina la ukoo bila “Bwana” kama ukavu. Kwa wanaume hawa ilikuwa kinyume chake.

Ukingo mweusi wa karatasi ni matanga. Mpana humaanisha msiba wa karibu, na ulipunguzwa kadiri miezi ilivyopita. Ni ushahidi msaidizi tu, kwa sababu karatasi zilizobaki zilitumiwa.

Vifupisho vitatu lazima uvijue: “inst.” ni mwezi huu, “ult.” ni mwezi uliopita, “prox.” ni mwezi ujao. Barua ya tarehe 2 Machi inayojibu “yako ya 27 ult.” inajibu ya Februari. Kosa la kawaida hutokea barua ikianzwa mwisho wa mwezi na kumalizwa mwanzo wa mwezi mwingine; “inst.” ya aya ya kwanza si ya aya ya mwisho.

Mtego mwingine unawahusu wasomaji wetu hasa. Waumini wa Quaker, dhehebu la Kikristo, na walikuwamo wengi miongoni mwa wataalamu wa mimea, walikataa majina ya siku na miezi yenye asili ya miungu ya kale, wakahesabu kwa namba kuanzia Jumapili. “Third Day” yao ni Jumanne, si Jumatatu, kwa sababu juma letu linahesabiwa kuanzia Jumamosi. Ongeza moja kila mara: ya kwanza ni Jumapili, ya pili Jumatatu, ya nne Jumatano. Na barua iliyotoka Urusi huenda imeandikwa kwa kalenda ya zamani, nyuma kwa siku 12 katika karne hiyo ya 19.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika barua moja. Darwin alimwandikia Lyell kumwambia kwamba amepokea kutoka kwa Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa maumbile aliyekuwa visiwa vya Malay, andiko lenye nadharia ile ile ya mabadiliko ya spishi ambayo Darwin aliifanyia kazi miaka 20. Juu ya barua aliandika mahali na “tarehe 18”. Hakuna mwezi, hakuna mwaka. Maandishi ya wote wawili yalisomwa mbele ya Linnean Society, chama cha wataalamu wa maumbile cha London, tarehe 1 Julai 1858, kwa hiyo huo ndio mpaka wa juu, na barua zilizofuata zinaielekeza tarehe 18 Juni. Lakini barua ya Wallace yenyewe na bahasha yake havikubaki, na wapo waliobishana kwa miaka mingi kama ilifika mapema zaidi. Mhuri mmoja wa posta ungefunga mjadala huo.

Tarehe uliyoikisia iandike ndani ya mabano ya mraba, na ueleze kwa sentensi moja uliyoipataje. Sehemu iliyoandikwa na mwenyewe ibaki nje ya mabano: 18 [Juni 1858]. Atakayekuja baadaye aone mara moja kipi ni chake na kipi ni chako.

Mwandiko

Usianze na neno gumu. Tafuta maneno ambayo lazima yawepo: anwani, salamu, neno la kuagia, sahihi. Kutoka hapo jitengenezee kadi ya herufi: kata picha ya kila herufi ndogo na kubwa ya mwandishi huyo uzipange kwa safu. Barua tatu za mkono mmoja zikishaisha, kadi itakuwa karibu imejaa na kasi yako itabadilika kabisa.

Herufi n, u, m na i zilizofuatana huwa vijiti tu. Vihesabu, kisha tafuta nukta ya i, ambayo mara nyingi imeruka herufi moja au mbili kwenda kulia. Herufi s mbili zikifuatana, ya kwanza inaweza kuwa ndefu kama f. Neno linaloonekana “leſs” ni “less”. Maneno “wd”, “shd”, “cd”, “wh”, “yr” na “recd” ni would, should, could, which, your na received. Yaache yalivyo katika nakala yako. Tazama pia kama mwandiko unabadilika katikati. Darwin alipokuwa mgonjwa aliwatumia watu wa nyumbani kuandika, mkewe Emma miongoni mwao, kisha akaweka sahihi mwenyewe. Andika ni mkono wa nani.

Majina ya kisayansi yana faida yake: tahajia yake haibahatishwi. Ukisoma “Angr…m” na barua inazungumzia okidi ya Madagaska, Angraecum inajitokeza. Lakini thibitisha kwa orodha za majina ya zamani, si za leo pekee, kwa sababu spishi nyingi zimehamishwa jenasi. Katika nakala acha jina alilotumia yeye. Jina la sasa liende kwenye maelezo.

Vipimo pia visibadilishwe ndani ya maandishi. Joto ni la Fahrenheit. “Line” ni sehemu ya 12 ya inchi. Greni moja ni miligramu 65 hivi. Katika fedha, pauni ina shilingi 20, shilingi ina peni 12, na herufi d ndiyo peni. Kuandika 2.6 mahali palipo shilingi 2 na peni 6 ni kosa, maana peni 6 ni nusu shilingi.

Neno lisilosomeka liwekee nafasi na alama ya kuuliza, uendelee. Rudi kesho yake. Maneno mengi hujifungua siku ya pili, jicho likiwa limepumzika na muktadha ukiwa kamili. Kinachoharibu nakala ni kukisia vizuri mno: sentensi inayosomeka sawa sawa ambayo mwandishi hakuiandika haimshtui mtu yeyote, kwa hiyo haitarekebishwa. Maliza kwa kusoma nakala kwa sauti mtu mwingine akifuata kwenye picha.

Unachokikosa

Mazungumzo yana pande mbili na kwa kawaida unao mmoja. Darwin alikuwa akitunga barua kwenye vyuma vyenye ncha vya kuhifadhia, na vyuma vikijaa, aliteketeza za miaka kadhaa ili kupata nafasi. Alifanya hivyo hadi mwaka 1862 hivi. Ndiyo maana barua alizotumiwa kabla ya hapo ni chache. Ukimya wa miaka ya 1840 usiusome kama ukimya wa marafiki zake.

Nyingine alizikata kwa mkasi, akaweka kipande chenye habari aliyoihitaji ndani ya jalada la mada husika. Ukikuta kipande cha karatasi kisicho na salamu wala sahihi, angalia ukingo: uliokatwa kwa mkasi ni laini, uliochanika una nyuzi. Kisha tafuta barua yenye pengo la kimo hicho hicho. Alama za penseli na kalamu ya rangi pembeni ni za mpokeaji akisoma. Zinakili kando, usizichanganye na maneno ya mwandishi.

Toleo lililochapwa karne ile lisichukuliwe badala ya karatasi. Mkusanyo alioutoa Francis, mwana wa Darwin, mwaka 1887 uliacha vipande vya barua kadhaa.

Barua zilizotoka Unguja

Bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, iliyoongozwa na William Hooker tangu 1841 na mwanawe Joseph kuanzia 1865, ilipokea barua kutoka kila pembe, zikiwamo za John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Unguja mwaka 1866 akakaa takriban miaka 20. Hapa hesabu ya siku inabadilika. Kabla ya 1872 hapakuwa na meli ya barua yenye ratiba; barua ilisubiri chombo chochote kilichoelekea Aden au Bombay. Mwaka huo ndipo meli za kila mwezi kati ya Aden na Unguja zilipoanza, na waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika 1879. Kwa hiyo majibu mawili yanaweza kupishana njiani, na barua ya Machi ikajibu ya Novemba huku ya Januari ikiwa haijafika. Zipange kwa tarehe ya kuandikwa, halafu uweke safu nyingine ya tarehe ya kupokelewa.

Msomaji wa Kiswahili ana uwezo hapa ambao mnakili wa London hana. Majina ya miti na bidhaa za pwani, kama msandarusi, yaliandikwa jinsi sikio la Mwingereza lilivyoyasikia: u ikawa oo, i ikawa ee, m ya mwanzo ikawekewa alama ya kukata (m’). Nakili herufi zake kama zilivyo, kisha kwenye maelezo weka neno la Kiswahili unalodhani ndilo. Usikimbilie Kiunguja sanifu; mtu aliyemtajia jina huenda alitoka Mrima au bara. Likikushinda, lisome kwa sauti kwa matamshi ya Kiingereza mbele ya mtu anayeijua miti ya upande huo, na umwambie pia mti unavyoelezwa katika barua: utomvu, ua, urefu, mahali unapoota.